Kipande cha mbao na kifundo cha mguu: historia ya mazoezi ya mizani katika basketi

Wandugu wa promo zote, na ninyi wadogo wetu ambao bado mko kwenye auditwari, ukurasa huu umezoea historia za wakubwa: wafalme, marais, vita, mikataba. Leo naomba niwaletee historia ya kipande cha mbao. Ni mbao ya mviringo, upana wake kama sahani ya bugali ya familia, na chini yake imebandikwa kitu kama nusu ya mpira. Unapanda juu yake kwa mguu mmoja, inaanza kuyumba, na wewe unapigana usidondoke. Ni hiyo tu. Lakini kuna wacheza basketi wengi huko ulimwenguni ambao vifundo vyao viko salama juu ya hiyo mbao, na kuna vijana wengi huku kwetu walioacha mchezo bila mtu kuwaambia hata siku moja kwamba iko.

Tuanze na kuumia kwenyewe. Mchezaji anaruka, anashuka, mguu wake unatua juu ya mguu wa mwenzake. Unyayo unageuka kwa ndani, mishipa ya upande wa nje wa kifundo inavutika au inakatika, na kifundo kinavimba kama andazi. Kwa Kifaransa tunaita antorsi, kwa Kiswahili kuteguka. Wanganga wa Marekani walifuata ligi ya NBA kwa misimu 17 na wakatoa hesabu yao mwaka 2010: kuteguka kifundo ndiyo kuumia kulikoonekana mara nyingi kuliko kwingine kote, karibu 13 kwa kila 100. Huko Australia, uchunguzi uliotolewa mwaka 2001 ulitazama mara zaidi ya 10,000 ambazo mtu aliingia kiwanjani kucheza basketi. Karibu nusu ya vifundo vilivyoumia viliumia wakati wa kushuka chini. Na tena: aliyewahi kuumia kifundo alikuwa na hatari karibu mara tano kuliko yule ambaye hajawahi.

Shikeni hiyo namba ya mwisho. Mara ya kwanza tuseme ni bahati mbaya. Lakini mara ya pili na ya tatu inatoka wapi? Watu walihangaika na swali hilo miaka mingi sana.

Mchezo wenyewe ulitungwa na mtu aliyekuwa anakimbia majeraha. James Naismith, mwalimu wa mazoezi ya mwili huko Springfield, Marekani, aliombwa mwaka 1891 atafute mchezo wa kuwashughulisha wanafunzi ndani ya jengo wakati wa baridi, mchezo usio wa kugongana kama futbol yao. Akakataza kukimbia na mpira mkononi, akakataza kusukumana na kushikana, akatundika vikapu vya matunda juu, urefu wa mita 3 na kidogo. Baadaye alisoma hata uganga na kupata diploma yake mwaka 1898. Mimi naona kuna kichekesho fulani hapa. Alitoa kugongana, lakini kikapu alichokiweka juu ya vichwa vya watu ndicho kikawafanya waruke, na kila anayeruka lazima ashuke, na anashuka katikati ya msitu wa miguu ya wengine. Mzee wa watu alilinda mabega na vichwa, vifundo vikalipa deni.

Dawa ya kwanza waliyoifikiria ilikuwa kiatu. Kuanzia mwaka 1917 kampuni ya Converse ilitoa kiatu kirefu cha turubai kinachofunika kifundo, na vizazi na vizazi viliamini kwamba shingo ya kiatu inazuia mguu kugeuka. Hata leo, ukienda sokoni kutafuta viatu vya chaguwa, muuzaji atakuambia: "Kamata hii ya murefu, inalinda muguu." Mwaka 1993 watafiti Wamarekani waligawia wacheza basketi zaidi ya 600 wa chuo kikuu viatu virefu kwa wengine na vifupi kwa wengine, kwa bahati nasibu. Hawakupata tofauti yenye maana. Muuzaji wa chaguwa hajasoma hiyo makala, simlaumu.

Dawa ya pili ilikuwa kufunga. Mwaka 1973 Garrick na Requa walionyesha kwamba wacheza basketi wa chuo kikuu waliofungwa kifundo kwa plasta ya kunata waliteguka kidogo kuliko wasiofungwa, na faida ilikuwa kubwa zaidi kwa wale waliokuwa wamekwisha kuumia. Hiyo ni kweli na inabaki kweli. Shida ni kwamba plasta inalegea katikati ya mchezo, na kila mechi inataka mpya. Nani kwetu ananunulia ekipe nzima plasta kila siku ya mazoezi?

Sasa mbao yetu. Mizizi yake iko mbali na michezo kabisa. Katika karne ya 19, huko Berlin, mganga Moritz Romberg aliandika juu ya wagonjwa waliosimama vizuri macho wazi, lakini wakifumba macho wanayumba na kudondoka. Ugonjwa ulikuwa umekula njia za uti wa mgongo zinazopeleka habari za miguu kwenye ubongo. Macho ndiyo yalikuwa yanawasaidia kusimama. Mwaka 1906 Mwingereza Charles Sherrington akaipa hisia hiyo jina ambalo wanafunzi wa kinezi bado wanalikariri usiku kabla ya mtihani: propriosepsio. Maana yake ni rahisi kuliko jina. Fumba macho, nyoosha mkono, gusa pua yako. Umejuaje mkono uko wapi? Misuli, kano na viungo vinapeleka habari kila wakati, bila wewe kuziomba. Sherrington alipata Nobel mwaka 1932 kwa kazi yake juu ya neva.

Aliyeunganisha mambo hayo na mguu uliotegukia kiwanjani ni Michael Freeman, mpasuaji kijana wa mifupa huko London. Baadaye dunia ilimjua kwa magoti ya kubandika, lakini mimi nampenda kwa makala zake za mwaka 1965. Freeman alikuwa na wagonjwa walioteguka, wakatibiwa, uvimbe ukaisha, na bado wanalalamika kwamba mguu unawakimbia. Si maumivu. Mguu tu unaachia ghafula, kwenye ngazi, kwenye njia mbaya. Aliwapima na akaona kwamba kwa wengi mishipa haikuwa imelegea kiasi cha kueleza shida hiyo. Basi akafanya kitu ambacho hakihitaji mashine yoyote: aliwaambia wasimame kwa mguu mmoja, kwanza mzima, halafu ule ulioumia, macho wazi halafu macho yamefumbwa. Ule ulioumia uliyumba zaidi. Romberg alikuwa amerudi, safari hii kwa mguu mmoja.

Hapa lazima niseme kwa nini makala hizo zilinishika. Kwenye staji yangu ya kinezi alikuja kijana mcheza basketi, kifundo kimepona kwa macho, hakuna uvimbe, na akasema neno hili: "Dokta, muguu haiumi tena, lakini inakatala." Inakatala! Ni neno lile lile la wagonjwa wa London, miaka mingi kabla, lugha nyingine, bahari nyingine. Wakati huo walikuwa wamekwisha kumkanda kwa maji ya moto na chumvi, wamemvuta mguu mpaka analia, wamemfunga kitambaa. Yote yalikuwa yanatafuta kitu kilichovunjika. Hakuna aliyefikiri kwamba mguu mzima unaweza kuwa umesahau kazi yake.

Freeman alifikiri hivyo. Wazo lake lilikuwa kwamba mishipa inapokatika, nyuzi ndogo za neva zilizo ndani yake zinakatika pia, hivyo ubongo unakosa habari, na misuli inachelewa kuokoa mguu. Kwa hiyo aliwapa wagonjwa mbao za kuyumba na kuwafanyisha mazoezi ya kusimama juu yake. Waliofanya mazoezi hayo walibaki na shida ya mguu kuachia kidogo sana kuliko waliotibiwa kwa njia za kawaida, pamoja na wale waliofungwa platri.

Ilichukua miaka 20 mpaka mbao itoke hospitali iingie kiwanjani. Mwaka 1985 huko Sweden, Hans Tropp na wenzake walichukua wacheza mpira wa miguu wakawagawa: wengine walivaa kifaa cha kushika kifundo, wengine walifanya mazoezi ya mbao, wengine hawakupewa kitu. Katika kundi lisilopewa kitu, wachezaji 17 kwa kila 100 waliteguka. Katika kundi la mbao, 5. Katika kundi la kifaa, 3. Mtu anaweza kusema basi kifaa kimeshinda. Lakini kifaa unakivaa kila siku na kinachakaa. Mazoezi yanabaki ndani ya mwili.

Basketi yenyewe ilipata zamu yake karibu na mwaka 2000, na kazi kubwa ilitoka Wisconsin, Marekani, kwa Timothy McGuine. Kwanza alipima mizani ya wacheza basketi 210 wa shule za sekondari kabla msimu haujaanza, akaandika, akangoja. Msimu ulipoisha, wale wenye mizani mbaya walikuwa wameteguka karibu mara saba kuliko wenye mizani nzuri. Kumbe hatari ilikuwa inaonekana kabla, kwa kumtazama mtu amesimama tu! Mwaka 2006 yeye na mwenzake Keene wakatoa uchunguzi wa pili: vijana 765 wa basketi na mpira wa miguu. Nusu waliendelea na mazoezi yao ya kawaida. Nusu nyingine walifanya mizani siku tano kwa wiki kwa wiki nne kabla ya msimu, halafu mara tatu kwa wiki, dakika kama 10 kila mara. Kwanza mguu mmoja chini ya sakafu, macho wazi. Halafu macho yamefumbwa. Halafu huku unadaka mpira. Halafu juu ya mbao. Matokeo: karibu 10 kwa 100 waliteguka katika kundi la kawaida, na 6 kwa 100 katika kundi la mizani.

Kutoka 10 hadi 6. Nasikia mwenzangu wa uchumi anacheka: njo hiyo tu? Ndiyo, njo hiyo. Kazi ya kinga haina muujiza. Mtoto ambaye hakuteguka hatajua kamwe kwamba alikuwa mmoja wa wale wanne, na hatakuja kukushukuru.

Na si kila uchunguzi uliimba wimbo mmoja. Huko Calgary, Canada, mwaka 2007, Carolyn Emery na wenzake walifuata wacheza basketi 920 wa sekondari. Mazoezi ya mizani yalipunguza majeraha ya ghafula kwa jumla, lakini kwa kifundo peke yake tofauti haikutosha kuthibitishwa. Huko Uholanzi, mwaka 2004, wacheza voleboli waliofanya mazoezi ya mbao waliteguka kidogo, faida ikawa hasa kwa waliowahi kuumia, na wale waliokuwa na historia ya magoti mabaya walilalamika magoti zaidi. Mimi napenda kuwaonyesha hata hizo, juu mwanafunzi wa universite asiyesoma matokeo yanayomkera atabaki mshabiki tu. Ujerumani nao mwaka 2010 walifanya jambo lililonishangaza kwa urahisi wake: mazoezi mara moja tu kwa wiki, dakika 20, vituo mbalimbali, wacheza basketi 232. Vifundo 21 viliumia katika kundi la kawaida, 7 katika kundi la mazoezi.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote, na mnisamehe nikikaa hapo kidogo. Freeman alipata dawa, lakini maelezo yake ya kwa nini inafanya kazi yalianza kupasuka. Mwaka 1993 huko Denmark, Lars Konradsen na wenzake walichukua watu wazima wa afya, wakawapiga ganzi kwenye kifundo ili mishipa isipeleke habari yoyote. Kama Freeman alikuwa sawasawa, watu hao wangeyumba kama walevi. Hawakuyumba. Walipogeuziwa mguu na mtu mwingine, waliukosea mahali ulipo. Lakini kusimama kwao na mwitiko wa misuli yao ulibaki ule ule. Misuli yenyewe ilikuwa inapeleka habari za kutosha.

Ongezeni na hesabu ya muda. Mguu ukianza kugeuka, misuli ya upande wa nje wa mguu inahitaji kama sehemu 50 hadi 80 za elfu za sekunde ili ianze tu kuitika, na nguvu yake ya kweli inakuja nyuma ya hapo. Mguu unaoteguka haungoji. Mtu akisema kwamba mbao inafundisha misuli ishike mguu unapoteleza, anaeleza gari linalofunga breki baada ya kuingia mtoni.

Basi mbao inafundisha nini? Jibu ambalo wengi wanalielekea leo ni kwamba inafundisha kabla. Mchezaji akiwa bado hewani, ubongo umekwisha kuamua unyayo utatua vipi, misuli ipi ikazwe mapema, nyonga na goti vikae wapi. Mwenye mizani iliyofundishwa anatua akiwa tayari. Ndiyo maana mazoezi ya kusimama bila kutikisika hayatoshi. Lazima yafike mpaka kuruka, kushuka, kusukumwa kidogo, kudaka mpira huku unatua. Freeman alikosea sababu na akapatia dawa. Katika historia ya uganga wako wengi hivyo, lakini ni wachache ambao dawa yao iliishi zaidi ya maelezo yao.

Kwa wanaopenda majina makubwa: Stephen Curry alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia mwezi wa 5 mwaka 2011, na tena mwezi wa 4 mwaka 2012. Msimu ule katikati alicheza mechi 26 tu. Mwaka 2012 alitia sahihi mkataba wa dola milioni 44 kwa miaka minne, bei ya mtu mwenye mashaka kwa kipimo cha ligi ile. Halafu watu wa mazoezi wa ekipe yake, Keke Lyles akiwa mbele, walishughulika na nyonga: wakamfanya awe na nguvu juu, ili kifundo kisibebe peke yake kila anapogeuka. Aliendelea pia kuvaa vifaa vya kushika kifundo. Mwaka 2015 na 2016 alichaguliwa mchezaji bora wa ligi. Mnaona, kifundo hakitibiwi kifundoni peke yake.

Na mwaka 2025 mwezi wa kwanza, mwenzake wa ekipe hiyo hiyo, Jonathan Kuminga, mtoto wa Goma, aliteguka kifundo cha kulia akakaa nje zaidi ya miezi miwili. Miezi miwili, pamoja na wanganga, mashine, mabwawa ya maji na kinezi wa kila siku. Sasa mfananishe na kijana anayecheza kwenye simenti iliyopasuka, anayerudi kiwanjani wiki ijayo juu kocha amemwambia: "Uko mwanaume, jikaze." Tangu Mutombo, Biyombo na huyu Kuminga, watoto wengi kwetu wanaona basketi kama mlango: burse, universite ya nje, labda mkataba. Mlango huo mara nyingi unafungwa na antorsi ya tatu ya mguu ule ule, na familia inasema alirogwa.

Kinachoniuma ni kwamba hii si kama skana au upasuaji, ambapo tunaweza kusema hatuna pesa. Fundi wa mbao yeyote atakukatia duara la sentimeta 40 kutoka mabaki ya meza na nusu tufe la mti la kuweka chini. Hata bila mbao, dakika 10 za mguu mmoja juu ya mkeka uliokunjwa, mwenzako anakutupia mpira, ni sehemu kubwa ya kile walichofanya Wisconsin. Uholanzi, mwaka 2009, uchunguzi wa wanamichezo 522 ulionyesha kwamba hata waliofanya mazoezi hayo nyumbani peke yao, wiki nane baada ya kuteguka, walirudia kuumia 22 kwa 100, na wasiofanya 33 kwa 100. Nyumbani! Bila mtu wa kuwasimamia.

Aliyeteguka leo asikimbilie mbao kesho, hiyo nayo tuelewane. Kama hawezi kukanyaga hatua nne, au mfupa wa kifundo unauma ukiubonyeza kwa nyuma, aende redio kwanza, labda umevunjika. Mbao ni ya baadaye, akisha kukanyaga bila maumivu makali, na hapo ndipo wengi wetu wanaacha kwa sababu wanajiona wamepona.

Wafinalisti wa kinezi, wa uganga na wa elimu ya michezo mnaotafuta mada ya memware, hii iko wazi mbele yenu. Chukueni championa moja ya mtaa, ekipe nane kwa mfano. Siku ya kwanza, kila mchezaji asimame kwa mguu mmoja, macho yamefumbwa, na mhesabu sekunde kwa saa ya simu. Mumwulize ameteguka mara ngapi. Ekipe nne ziendelee kama kawaida, nne zipewe dakika 10 kabla ya mazoezi, na mwandike kila kifundo kinachoumia mpaka fainali. Mnahitaji daftari, kalamu na kocha asiye na haraka. Anayetaka mpango wa zile hatua tano za McGuine, nimekwisha kuuandika kwa Kiswahili. Aulize hapa chini nitamtumia.